Kabla hujavimwagia visiki oili chafu: jibu kwa mwalimu wa Iyumbu

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimehamishiwa Dodoma kutoka Bukoba miaka miwili iliyopita, na sasa tumehamia nyumba yetu wenyewe huku Iyumbu, kwenye kiwanja cha mita za mraba 600. Nimekulia kwenye migomba na mvua, na ukavu wa huku unaniumiza moyo. Siku ya kupanda miti mwaka huu nilipanda miche 12. Leo ni Septemba na imebaki miwili. Kwenye kona ya kiwanja kuna visiki viwili vya mti wa miiba ambavyo havikomi kuchipua, na fundi ananishauri nivimwagie oili chafu kisha nivichome ili nipate nafasi. Mkaa unatumaliza, jirani anachoma taka kila jioni, na sijui hapa Dodoma nani wa kumwendea. Nataka kuishi bila kuharibu mazingira, ila sijui nianzie wapi."

Marahaba, Mwalimu, na karibu Dodoma. Nimefanya kazi ya misitu na hifadhi ya ardhi katika mkoa huu kwa zaidi ya miaka ishirini, na maswali kama lako yameongezeka tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, kwa kuwa wengi wametoka mikoa yenye neema ya mvua wakaja na mapenzi ya miti waliyokulia nayo, pamoja na kalenda ya mvua ya kwao. Mapenzi hayo tunayahitaji sana, lakini kalenda ile ndiyo iliyoua miche yako kumi. Nitaanza na visiki kwa sababu hilo ndilo lenye haraka: tafadhali mzuie fundi.

Nenda kwenye kona hiyo uvitazame visiki vyenyewe kwa karibu. Kama majani ni madogo madogo, na kwenye tawi moja utaona miiba mirefu myeupe iliyonyooka pamoja na mingine mifupi iliyopinda kama ndoana, na kama maganda yake hujiviringisha yakikauka, basi huo ni mgunga wa aina ambayo wenyeji wetu Wagogo huiita mkungugu. Mbuzi huyapenda maganda hayo kuliko karibu chakula kingine chochote cha kiangazi. Mti huo ulikatwa, pengine wakati viwanja vinasafishwa, lakini kilichokatwa ni shina tu. Chini ya ardhi mizizi yake ipo hai, imeshuka mita nyingi kwenda kuufuata unyevu ambao mche wa kununua hautaufikia kwa miaka kadhaa. Mche uliotoka kitaluni huja na mzizi wa urefu wa kiriba chake (ule mfuko uliooteshewa), yaani kama kiganja kimoja au viwili, nawe unauomba uvuke miezi saba ya jua kwa urefu huo. Kisiki hakihitaji kuombwa. Kimekwisha kuvuka viangazi vingi, na kila kinapochipua kinakuonyesha kwamba akiba ya chakula na maji huko chini bado ipo.

Kazi unayotakiwa kuifanya ni ndogo mno kwa thamani inayoleta. Kisiki kilichoachwa peke yake hutoa machipukizi kumi, ishirini, hata zaidi, yote yakigombea akiba ile ile, na ndiyo maana hubaki kichaka cha miiba mwaka hadi mwaka. Chagua machipukizi matatu au manne yaliyo manene, yaliyonyooka, yaliyoshikana vizuri na kisiki karibu na ardhi, kisha kata mengine yote kwa panga au mkasi mkali, ukielekeza mkato uteremke ili maji yasituame kwenye jeraha. Yale uliyoyabakiza, pogoa matawi ya chini hadi karibu nusu ya urefu wake. Funga kipande cha kitambaa cha rangi kwenye chipukizi ulilolichagua ili fundi, mfua nguo, mtoto wa jirani na mchungaji wajue kwamba mti huo una mwenyewe. Rudia kukata machipukizi mapya kila baada ya miezi michache, na baada ya mwaka au miwili bakiza shina moja au mawili. Zile fito ulizozikata si taka. Zizungushie miche yako iliyobaki kama uzio, maana mbuzi wa Dodoma hana adabu mbele ya jani bichi, ila miiba ya mkungugu anaiheshimu.

Njia hii huku kwetu inajulikana kwa jina la Kisiki Hai, na tangu mwaka 2018 imeenezwa katika vijiji vingi vya mkoa huu na taasisi ya LEAD Foundation, yenye makao yake Mpwapwa, ikishirikiana na shirika la Justdiggit la Uholanzi. Asili ya uenezi wake ni Niger, ambako mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, katika miaka ya 1980 alichoka kuona miche ikifa jangwani, akagundua kwamba vichaka alivyokuwa akivipita kila siku barabarani vilikuwa miti iliyokatwa ambayo bado ina mizizi hai. Wakulima wa Niger wameotesha upya kwa namna hiyo takribani hekta milioni 5. Hata hivyo, si lazima twende mbali hivyo kutafuta ushahidi. Hapa Dodoma, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limemomonyoka vibaya, lenye zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ilikuwa hatua chungu kwa wafugaji, na sisemi kwamba ilifanywa kwa namna ambayo leo tungeikubali. Lakini sehemu kubwa ya uoto uliorudi Kondoa haukupandwa na mtu. Ulikuwa chini, ukisubiri kwato na shoka viondoke.

Kuhusu oili chafu sitaki kusema mengi. Ina mabaki ya metali kutoka kwenye injini, haiozi kwa haraka, na hapo unapotaka kuimwaga ndipo watoto wako watakapocheza na ndipo utakapotaka kulima mchicha. Kama gari au pikipiki yenu inabadilishiwa oili, iacheni gereji. Na ikiwa kweli unahitaji nafasi ya kona hiyo, bakiza kisiki kimoja, kile kilicho karibu na ukuta wa magharibi ikiwezekana, maana jua la saa tisa alasiri ndilo linalopasha nyumba za Dodoma, na kivuli cha mgunga ni chepesi kiasi kwamba mboga huota chini yake.

Sasa miche yako kumi. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili, nawe kama mwalimu bila shaka ulipanda siku hiyo pamoja na wanafunzi. Kwa Bukoba, ambako mvua hufikia takribani milimita 2,000 kwa mwaka na Aprili ni kilele cha masika, tarehe hiyo ni nzuri. Dodoma hupata kati ya milimita 550 na 600 tu, katika msimu mmoja unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili, mara nyingi na pengo la ukavu katikati, mwezi Februari. Mche uliopandwa tarehe 1 Aprili hapa kwetu hupata wiki mbili tatu za unyevu, kisha hukabidhiwa kwa upepo mkavu wa Juni na jua la Oktoba. Tarehe hiyo iadhimishwe kwa kupalilia na kuwekea matandazo miti iliyopandwa Desemba; kupanda kwenyewe kusisubiri Aprili. Tangu ilipozinduliwa mwaka 2017 kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani, iliyozinduliwa na Samia Suluhu Hassan wakati huo akiwa Makamu wa Rais, miche mingi sana imepandwa katika mji huu, na kila ninapopita mahali ulipobaki mti mmoja kati ya mitano naona kosa lile lile: haukukosa mapenzi, ulikosa miezi mitatu ya mvua.

Kwa hiyo tumia Septemba na Oktoba kuchimba mashimo, si kupanda. Chimba sentimita 60 kwa 60, na kina cha sentimita 60, ukitenga udongo wa juu na wa chini kila mmoja upande wake. Changanya udongo wa juu na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, rudisha shimoni huo kwanza, na usilijaze shimo hadi juu. Uso wake ubaki chini ya uso wa kiwanja kwa upana wa kiganja. Upande wa chini wa mteremko, jenga tuta dogo lenye umbo la mwezi mchanga, mikono yake ikielekea juu kule maji yanakotoka. Eneo la mita za mraba 10 likinyeshewa milimita 30 hupata lita 300, na mvua ya Dodoma ilivyo ya ghafla na yenye nguvu, sehemu kubwa ya maji hayo hukimbilia barabarani ndani ya nusu saa. Hata theluthi yake ikiingia kwenye tuta lako ni lita 100 kwa mti mmoja, kwa mvua moja, bila ndoo. Panda mara ardhi ikishalowana hadi kina cha mkono, Desemba au mwanzoni mwa Januari. Ukikichana kiriba, tazama mizizi: ikiwa imejiviringisha chini, ikate ncha zake, vinginevyo itaendelea kuzunguka hapo hapo na mti utakuja kuanguka ukiwa mkubwa.

Weka matandazo ya majani makavu kuzunguka mche, lakini yasiguse shina. Acha nafasi ya upana wa kiganja, kwa sababu mchwa wa huku huyafuata makavu na kisha huupanda mche wenyewe. Kwa kiangazi, chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyotobolewa kwa sindano kwenye kifuniko na kuchimbiwa kichwa chini karibu na mizizi hutoa maji polepole, moja kwa moja yanakohitajika. Miti ya kuchagua ni ile inayoijua ardhi hii: mkwaju, ingawa utausubiri, mwarobaini kwa kivuli cha haraka, mlonge, mtopetope na mpera karibu na jiko, na mzabibu kwenye kichanja mbele ya mlango, kwa kuwa uko katika mkoa wa zabibu na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora kinashughulika na zao hilo hasa. Mikaratusi usiilete kwenye kiwanja cha mita 600.

Nimetaja Makutupora, na hapo ndipo maji ya mji huu yanapotoka kwa sehemu kubwa: visima virefu vilivyo kaskazini mwa mji. Ningependa kila mkazi wa Dodoma ajue jinsi hifadhi hiyo ya chini ya ardhi inavyojazwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia vipimo vya kina cha maji vya miaka 55, ulionyesha kwamba hifadhi ya Makutupora haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hushuka kwa miaka mfululizo, kisha hupanda kwa misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, ambayo mingi huambatana na El Niño, na msimu uliojaza kuliko yote ni ule wa 1997/98. Maana yake ni kwamba ndoo unayoivuta leo katika mwaka wa mvua ya kawaida inatoka kwenye akiba iliyowekwa na mvua za miaka iliyopita, na maji yanayotiririka bure juu ya bati lako ni mapato ambayo unayaacha yapite.

Hebu tupige hesabu ya bati hilo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 550, ukitoa moja ya tano inayopotea, hukupa lita 44,000 kwa msimu. Huna tenki la kuyahifadhi yote, wala huhitaji kuwa nalo. Nunua tenki moja la lita 5,000 na gata upande mmoja wa paa, kisha yaweke maji hayo kwa kupikia na kunywa tu. Familia ikitumia lita 20 kwa siku kwa kazi hizo mbili, tenki hilo hudumu siku 250, yaani kiangazi chote tangu Mei hadi Desemba na ziada. Mvua ya kwanza iachie imwagike, kwa sababu inaosha vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege. Weka chandarua kwenye mdomo wa tenki ili mbu wasizalie humo. Na ya kunywa yachemshe au yatibu kama unavyotibu mengine. Sisitizo langu kuhusu kupikia lina sababu yake. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvichumvi na ni magumu, na maharage yanayopikwa kwa maji magumu hukawia sana kulainika. Jaribu siku moja sufuria mbili, moja kwa maji ya bomba na nyingine kwa maji ya mvua, utaona tofauti kwenye gunia la mkaa.

Ukiosha vyombo au kuoga, maji hayo yaelekeze kwenye miti mikubwa kwa zamu, si kila siku mahali pamoja, wala si kwenye mboga unazokula mbichi. Ukiona ukungu mweupe juu ya udongo, hiyo ni chumvi, pumzisha sehemu hiyo hadi mvua iioshe. Na kama mnafikiria kuchimba kisima, usimwite mchimbaji kabla hujafika ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo ndiyo inayosimamia maji ya eneo hili. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka vibali. Bomba likipasuka mtaani, taarifa ni ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, na itolewe siku hiyo hiyo.

Turudi kwenye mkaa. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa huhitaji takribani kilo sita hadi kumi za kuni, kwa hiyo gunia moja jikoni kwako ni mti mzima na zaidi uliobaki moshi porini, na mara nyingi ni mgunga wa aina hiyo hiyo iliyo kwenye kona yako. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi, nami naunga mkono kwa moyo wote, lakini najua kilichokwamisha familia nyingi: wananunua mtungi wa gesi, wanautumia kwa chai na mayai, na maharage, makande na nyama wanarudisha kwenye mkaa kwa kuhofia gesi itaisha. Kwa hiyo shughulikia maharage kwanza. Loweka usiku, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji ya mvua yakitokota kwa nguvu nusu saa, kisha sufuria ikiwa bado inatokota ifunike vizuri uitie kwenye kapu kubwa ulilolijaza nguo kuukuu au mablanketi pande zote na juu. Ukiondoka kwenda shule saa moja asubuhi, saa saba utayakuta yameiva au yamebakiza kidogo. Ile nusu saa ya kutokota usiipunguze, hasa kwa maharage mekundu, kwa kuwa yasipochemka vizuri huumiza tumbo. Kama uwezo upo, jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa kama saa moja na kwa kawaida hutumia chini ya uniti moja. Kwa yatakayobaki kwenye mkaa, jiko banifu lisilopasuka udongo wake wa ndani ni bora kuliko jiko la bati tupu.

Nichukue nafasi hapa kusema neno kuhusu ugali. Uwele na mtama ni nafaka za mkoa huu, hustahimili ukavu ambao huyakausha mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, na mlenda mkavu unaouzwa Soko la Majengo umekaushwa kwa jua bila gharama nyingine. Mtu aliyekulia kwenye ndizi anaweza kuona ni vyakula vigeni, lakini kwa anayetaka kula bila kuilemea ardhi anayoikalia, hivyo ndivyo vya kuzoea.

Taka za jikoni kwako, maganda, mabaki na majani, ndizo sehemu kubwa ya uzito wa kile unachokitoa nje. Wengi hufundishwa kurundika mboji juu ya ardhi, na hapa Dodoma rundo hilo hukauka likawa kama majani ya paa. Chimba shimo la kina cha mita moja chini ya kivuli, panga tabaka la mabaki, tabaka la majani makavu, samadi kidogo, kisha funika kwa gunia kuukuu na ulinyunyizie maji ya kuoshea mboga. Baada ya miezi mitatu au minne ukichimbua utakuta kitu cheusi kinachobomoka mkononi na kunukia kama udongo baada ya mvua ya kwanza. Chupa za plastiki, makopo na vyuma tenga pembeni, wapo waokotaji wanaopita na kuviuza kwa kilo, na heshima yao ni kuwapa vikiwa safi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usiipokee hata ukipewa kwa siri. Kinachobaki ni kidogo, na hicho ndicho cha gari la taka linaloelekea dampo la Chidaya.

Jirani yako anayechoma, mwendee kabla ya kwenda kokote. Nenda jioni ambayo hachomi, chukua ungo wa mboga au kiasi cha mboji, umweleze kwamba moshi unaingia chumbani kwa watoto, na kwamba plastiki ikiungua hutoa sumu ambayo na watoto wake wanaivuta. Mara nyingi mtu huchoma kwa sababu gari halikufika wiki mbili, na hapo nyinyi wawili mna shauri moja la kupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Ikishindikana, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inataka kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira, na kamati za mazingira ziwepo hadi ngazi za chini. Uliza kwa mtendaji wa mtaa kamati yenu ni nani na inakutana lini. Ukikuta imebaki jina kwenye daftari, jitolee kuwamo. Mwalimu hukubaliwa haraka.

Hilo linajibu nusu ya swali lako la nani wa kumwendea, na nusu nyingine ni hii. Kwa miche, mbegu na ushauri wa miti, nenda Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS, au kwa afisa maliasili wa Jiji, na uagize Oktoba, kwa sababu Desemba kila mtu anaamka kwa pamoja. Kwa udongo, samadi na wadudu, afisa ugani wa kata ndiye wa kwanza, na hulipi kumuuliza. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina ofisi ya Kanda ya Kati hapa hapa mjini. Huko upeleke mambo makubwa, kama karakana inayomwaga oili mferejini au mtu anayejenga ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, ambazo sheria hiyo hiyo inazilinda, na si ugomvi wa moshi wa jirani mmoja. Kila mwaka mwanzoni mwa Agosti, hadi tarehe 8, viwanja vya Nanenane vya Nzuguni hukusanya mahali pamoja watafiti, wauza miche, mafundi wa majiko banifu na wa umeme wa jua; nenda siku za mwanzo, si siku ya kilele, ili upate mtu mwenye nafasi ya kukueleza.

Shuleni kwako unayo nafasi ambayo mimi sina. Klabu za Malihai, zile za wanafunzi za kuhifadhi wanyamapori na mazingira, zimekuwapo katika shule za nchi hii tangu mwaka 1980, na kama shule yenu haina, unaweza kuianzisha. Kabla ya kutafuta mche hata mmoja, zunguka na wanafunzi eneo la shule mkihesabu visiki vinavyochipua. Waulize watoto wa familia za wenyeji jina la kila kimoja kwa Kigogo, na kama hawajui, wakawaulize babu na bibi zao nyumbani. Orodha itakayorudi kesho yake itakuwa na matumizi ya kila mti, upi wa dawa, upi wa fito, upi unaolisha mbuzi kiangazi. Siku hiyo hiyo utajua kama visiki vya kona yako kweli ni mkungugu. Chukua tawi moja lenye miiba na ganda, waonyeshe, na chipukizi la kufungia kitambaa ulichague kabla fundi hajarudi.